Kabla ya Kulifyeka Pori la Kiwanjani

Wengi wenu mnafanya kazi mijini, na mna viwanja huko kwenu ambavyo havijaguswa kwa miaka mingi. Wengine mnakaa huko huko nyumbani, na ninyi ndio mtakaopewa panga na fyekeo siku mwenye kiwanja atakapokuja na fedha zake. Maneno yangu yawahusu nyote. Nataka kueleza jinsi ya kusafisha kiwanja kilichoota pori kabla ya kujenga nyumba, na hasa ile kazi itanguliayo panga, yaani kulizunguka pori na kuuliza lina nini ndani yake. Mimi sikuifanya kazi hiyo, na kosa langu lilinigharimu miaka miwili.

Kwetu ni Alego, katika Siaya. Wazee wa huko hawalioni pori la karibu na nyumba kuwa ni jambo dogo, nao wana sababu. Mwaka 1964 ugonjwa wa malale ulizuka Alego, na wachunguzi walipotafuta mbung'o waliwakuta katika vichaka vya lantana vilivyozunguka nyumba za watu, mbali na mito ambako mbung'o wa namna ile walizoea kukaa. Lantana ni ule mmea wenye maua madogo ya rangi nyingi, na majani yake yakwaruza mkono. Ulitoka Amerika, ukapandwa hapa kuwa ua na pambo, kisha ndege wakala matunda yake na kuzitawanya mbegu kila mahali. Kivuli chake chenye unyevu kiliwafaa sana mbung'o. Siku hizi hatari ile imepungua, kwani mwezi wa Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tatizo tena la afya ya umma katika Kenya. Lakini desturi ya kufyeka kandokando ya nyumba imebaki, nayo ni desturi njema.

Basi baba yangu alipofariki nilirithi sehemu ya boma lake la zamani, ambalo halikukaliwa tangu nilipokuwa mtoto. Nikachukua likizo ya wiki mbili, nikaajiri vijana sita, nikawaambia, "Fyekeni yote, nataka kuuona udongo." Wakafanya kama nilivyosema. Siku ya tatu nilisimama katikati ya kiwanja nikijisifu moyoni. Upande wa mashariki palikuwapo safu ya mikonge mikuukuu iliyomezwa na lantana; vijana waliikata yote pamoja, wakaichoma moto. Jioni ile baba mdogo, ambaye shamba lake lapakana na langu, alikuja akasimama penye majivu. Hakunisalimu. Akasema, "Mwanangu, mpaka wetu uko wapi?"

Sikuwa na la kumjibu.

Ndugu zangu, katika sehemu nyingi za mashambani hapa Kenya, ardhi ilisajiliwa kwa njia ya mipaka ya jumla. Maana yake ni kwamba ramani iliyomo ofisini yaonyesha umbo la shamba na majirani zake, lakini haipimi mahali penyewe pa mpaka kwa hatua na inchi. Mpaka wenyewe ni kile kitu kilichopo juu ya ardhi: ua, mtaro, au safu ya mikonge au minyaa iliyopandwa na wazee mbele ya mashahidi. Ukiing'oa safu hiyo, umeng'oa ushahidi. Tena Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 yasema kwamba kuharibu au kuondoa alama ya mpaka bila ruhusa ni kosa, na ugomvi wa mpaka wa namna hii hupelekwa kwanza kwa Msajili wa Ardhi kabla mahakama haijausikiliza. Katika viwanja vya mjini ambako kuna bikoni, tafuta bikoni zote kabla ya jembe la kwanza kushuka, na kila moja uizungushie vijiti vyenye kitambaa ili vibarua waione. Bikoni iliyong'olewa hairudishwi kwa kukisia. Ni kazi ya mpima ardhi, naye hulipwa.

Kwa hiyo siku ya kwanza acheni panga nyumbani. Nendeni na mtu aliyekijua kiwanja kabla ya pori. Mara nyingi mtu huyo ni mama mzee, kwa kuwa akina mama ndio waliochota maji, waliotupa takataka na waliozika watoto wachanga. Muulizeni makaburi yako wapi, kisima kilikuwa wapi, na choo cha shimo kilikuwa wapi. Choo cha zamani ni mtego: miti iliyokifunika huoza, majani huota juu, na atembeaye hapo haoni kitu. Kwetu kijana mmoja alizama mpaka nyongani, na kilichomwokoa ni mpini wa fyekeo uliolala kukingama shimo. Mahali panaposhukiwa pigeni mtaimbo mkiwa mmesimama kando, msikilize mlio wake. Shimo likipatikana lijazwe mawe na udongo na kushindiliwa kidogo kidogo, wala ukuta wa nyumba usipite juu yake kamwe.

Wakati ufaao ni kiangazi, hasa Januari na Februari. Lakini msifyeke kiwanja chote mkakiacha uchi huku mvua za Machi zikikaribia, maana katika mteremko udongo mzuri utahamia kwa jirani. Fyekeni mahali pa nyumba, njia na uwanja wa kazi. Kwingine acheni majani mafupi mpaka mtakapokuwa tayari kupanda.

Anzeni upande mmoja na kwenda pole pole kuelekea upande ulio wazi, ili nyoka wapate njia ya kutoka. Swila hukimbia akisikia kishindo. Kifutu ndiye wa kuogopwa, kwa sababu hulala kimya majanini mpaka akanyagwe. Vaeni viatu vya mpira virefu, na tangulizeni fimbo kabla ya mkono. Aliyeumwa atulizwe, asitembezwe wala asichanjwe kwa wembe, apelekwe hospitali mara moja.

Sasa nataka kusema zaidi juu ya mnyaa, maana nimeona watu wakiukata kama wakatao mabua. Utomvu wake mweupe huchoma ngozi, na ukiingia jichoni huleta maumivu makali na waweza kumfanya mtu asione kwa siku kadhaa, hata kuliharibu jicho. Kata ukiwa umevaa miwani ya kazi na mikono mirefu, usiinue panga juu ya kichwa chako, na watoto wawe mbali. Utomvu ukimrukia mtu, asifikiche jicho hata kidogo. Lioshwe kwa maji safi mengi, kwa muda mrefu kuliko mnavyodhani yatosha, kisha aende kwa daktari. Kwa hiyo debe la maji safi liwe karibu tangu asubuhi. Wala msichome matawi ya mnyaa mahali ambapo moshi utawafikia watu.

Lantana ikikatwa juu tu huchipuka tena, na mara ya pili huwa nene kuliko mara ya kwanza. Yapasa kuchimbuliwa kwa sururu mpaka kwenye shina chini ya udongo, na ni afadhali kabla matunda hayajaiva. Baada ya mvua rudini mng'oe miche, na mwaka wa pili vivyo hivyo. Ng'ombe na mbuzi wasipewe majani yake. Ni sumu kwao. Na sangari je? Huyo ni adui wa namna nyingine. Kila kipande cha mzizi wake kilichokatwa na jembe hugeuka kuwa mmea mpya. Tumieni jembe la meno, mkung'ute udongo, mzianike mizizi juani mpaka ikauke kabisa.

Visiki ndivyo vinavyowashinda wengi, kwa kuwa ni kazi nzito na haina sifa. Fundi mwenye haraka atakata mti usawa wa ardhi, afunike kisiki na kifusi, amwage sakafu juu yake. Baada ya miaka michache kisiki huoza, pango hubaki, sakafu hupasuka. Na mchwa waliokuwa wakila kisiki hupanda kwenye milango na kenchi za paa. Simamieni wenyewe kila kisiki kilichomo ndani ya kamba za nyumba kitoke na mizizi yake minene. Kichuguu nacho kisisawazishwe tu; kichimbuliwe mpaka malkia apatikane, kisha pango lake lijazwe na kushindiliwa. Nanyi wenye udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi, kama ule wa Kano au wa Athi, mjue kwamba mti mkubwa hunywa maji ya udongo. Ukiung'oa, udongo hurudi kunywa na kuvimba, ukainua ukuta uliojengwa upesi. Acheni msimu wa mvua upite kwanza, na msingi uchimbwe mpaka uupite udongo ule.

Udongo wa juu, kama sentimita 15, usichanganywe na kifusi. Ukusanyeni kando, maana ndio utakaootesha ukoka na maua baadaye. Na si kila mti ni pori. Mwembe ulio mbali na msingi uachwe. Kivuli chake hamwezi kukinunua dukani.

Habari ya mpaka wetu iliishia hivi. Kwa miaka miwili baba mdogo hakunywa maji kwangu, na mimi sikuweka hata jiwe moja la msingi. Hatimaye Msajili alituita, akaja pamoja na mpima na wazee wawili. Mzee mmoja alichukua jembe akachimba penye majivu ya zamani, akapata gutu la mkonge limeungua juu lakini zima chini. Hatua chache mbele akapata jingine, kisha jingine, mpaka mstari ukaonekana. Ulipita mita moja na nusu ndani ya sehemu niliyodhani ni yangu. Mwezi wa Aprili tulipanda mikonge mipya, baba mdogo ameshika kamba upande wa juu, nami upande wa chini.