Shakwe Juu ya Kofia
(Dominika ya 8 ya Mwaka A)



Wapendwa wasikilizaji, Injili ya Dominika hii, kutoka Mathayo sura ya 6, inatukataza kusumbukia chakula, kinywaji na mavazi. Wengi wetu huisikia tukiwa tumeshiba. Leo tuwatazame watu walioisoma kwa njaa, katikati ya bahari.

Mmoja wao ni Mmarekani Eddie Rickenbacker, mzaliwa wa Columbus, Ohio, mwaka 1890. Baba yake alipofariki mwaka 1904, kijana huyo aliacha shule, akaingia kiwandani ili kumsaidia mama yake. Akawa fundi, kisha dereva wa mashindano ya magari, na mwaka 1918 rubani wa vita huko Ufaransa, ambako ushindi 26 wa angani uliandikwa kwa jina lake. Baada ya vita alianzisha kampuni ya magari. Ilifilisika mwaka 1927, ikamwachia deni la dola 250,000. Angeweza kutangaza kwamba amefilisika; hakutaka, akalilipa. (Wenye madeni dukani watege sikio hapa.) Baadaye aliongoza shirika la ndege la Eastern Air Lines.

Mwezi Oktoba 1942, akiwa na umri wa miaka 52, alitumwa kupeleka ujumbe kwa Jenerali MacArthur. Ndege ilipotea njia, mafuta yakaisha, wakalazimika kutua juu ya maji ya Bahari ya Pasifiki. Watu wanane, mashua tatu ndogo za mpira, machungwa manne. Maji ya kunywa hawakuwa nayo. Chungwa la kwanza lilikatwa vipande vinane.

Askari mmoja alikuwa na Agano Jipya. Wakazivuta mashua pamoja, wakasoma na kusali. Na sura hiyo ya 6 ya Mathayo ni miongoni mwa walizosoma. Siku ya nane, baada ya sala, shakwe alitua juu ya kichwa cha Rickenbacker. Aliinua mkono polepole, akamkamata. Walimgawana mbichi, matumbo yake yakawa chambo, wakapata samaki. Mvua nayo ikanyesha.

Wahubiri wengi huishia hapo. Lakini sajini mmoja kijana, ambaye naye alipewa fungu lake la yule ndege, alizidi kudhoofika. Rickenbacker alimkumbatia usiku ili kumpa joto la mwili wake. Hata hivyo alifariki. Wakamwombea, wakamshusha baharini. Wengine walipotaka kukata tamaa, mzee aliwakaripia kwa maneno makali hata baadhi yao wakaapa kuishi ili tu wamwone yeye akizikwa majini. Baada ya siku 24 wakaokolewa, watu saba.

Basi, sala ya yule wa nane ilikwenda wapi? Makatekista, swali hili mnaulizwa kila mnapotoka makaburini. Msiharakishe kulijibu. Bwana amesema kwamba Baba anajua tunayoyahitaji; hakusema kwamba hatutakufa. Mle mashuani, msaada ulimfikia kijana yule kwa njia ya kipande cha nyama mbichi na mikono ya mzee aliyekuwa na njaa kama yeye.

Katika jumuiya yenu yupo aliyefiwa mwezi huu. Mtakapotoka kanisani, piteni kwake mkaulize kama kuna unga ndani.