Mbunge Tumpe Swali, Tusimwombe Mpira

Hotuba ya mwenezi kijana wa Chama, aliyesomea ualimu, mbele ya wanachama na wananchi wa Ikinga, Wilaya ya Ileje.



Nimeagizwa niseme juu ya kazi ya mbunge. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana mwalimu asiyekiri kosa lake hana haki ya kusahihisha la mwanafunzi.

Nilipokuwa kijana wa shule, mbunge alikuja kijijini akatuuliza, "Shida zenu ni nini?" Nilisimama mbele ya watu wote nikaomba mpira na jezi. Mpira ukaja, tukashangilia, tukaucheza mpaka ukapasuka. Masika ileile shangazi yangu alishikwa na uchungu usiku. Njia ilikuwa tope tupu, gari halipandi. Wanaume walimbeba kwa machela, mlima na bonde, mpaka kukakucha. Yeye alipona. Mtoto hakupona.

Tangu siku hiyo najiuliza: katika mkutano ule, nani aliitaja barabara? Hakuna hata mmoja. Mbunge alitupa tulichomwomba.

Ndugu zangu, tumezoea kumpima mbunge kwa mkono wake. Amechanga kiasi gani msibani? Ameleta mifuko mingapi ya saruji? Kutoa ni utu, wala hatumkatazi mtu utu wake. Lakini hiyo siyo kazi tuliyomtuma. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 63, inasema Bunge ndilo chombo kikuu chenye madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Kazi zimetajwa: kuwauliza mawaziri maswali, kujadili utekelezaji wa kila wizara wakati wa bajeti, kuidhinisha mipango ya nchi, kutunga sheria, na kuridhia mikataba. Hakuna mahali ilipoandikwa kwamba mbunge anunue jeneza.

Wako watakaosema, "Hayo ya mikataba yatuhusu nini sisi wakulima wa kahawa na ndizi?" Yatuhusu sana. Wilaya yetu inapakana na Malawi kwenye Mto Songwe, na mto ule umezoea kuhama njia yake, ukila shamba la huyu na kumwongezea yule. Mwaka 2017 nchi hizi mbili zilitia sahihi mkataba wa kuunda Kamisheni ya Bonde la Mto Songwe. Mambo ya namna hii huamuliwa na watu waliokaa kwenye viti. Kama mtu wetu amekaa kimya, tumenyamaza sote.

Wala kiti hiki hakikupatikana bure. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 nchi nzima ya Tanganyika iligawanywa majimbo 10 tu, na kila jimbo lilikuwa na viti 3: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Kupiga kura ilitakiwa uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu iliyotajwa, au kazi ya namna fulani. Wazee wetu wengi wa jembe walibaki nje. Kabla ya hapo, mwaka 1957, Mwalimu Nyerere aliteuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, akajiuzulu mwaka uleule alipoona mapendekezo yake hayasikilizwi. Alitufundisha kwamba kiti si pambo: ama kifanye kazi ya watu, ama ukiache. Na mwaka 1965, ingawa chama kilikuwa kimoja, wapiga kura waliwaangusha hata baadhi ya mawaziri. Basi nguvu ya kumpima mbunge tunayo tangu zamani. Tatizo ni mizani tunayoitumia.

Sasa tufanyeje? Bunge la bajeti huanza Aprili na kumalizika Juni, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Anayelalamika mwezi Mei, tope likiwa magotini, amechelewa. Shida yetu ianze kwenye mkutano mkuu wa kijiji, miezi mingi kabla. Iandikwe kwenye muhtasari. Ipande kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ni mwenyekiti, kisha ifike halmashauri ya wilaya. Huko mbunge naye ni mjumbe, hawezi kusema hakuisikia. Halafu tumkabidhi swali lenye jina la barabara, jina la daraja, na idadi ya vijiji vinavyokatika wakati wa mvua. "Tunaomba maendeleo" si swali. Waziri atalijibu kwa maneno matatu mazuri na kukaa.

Akishajibu, maneno yake huandikwa katika Taarifa Rasmi ya Bunge. Tuyashike. Ahadi ya waziri bado si barabara. Mwaka unaofuata tutazame kama fedha zimewekwa, na kama hazikuwekwa tumrudishe mbunge na swali lilelile.

Uko pia Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2009. Mbunge ni mwenyekiti wa kamati yake, lakini fedha ni za umma, zinapitia halmashauri. Akileta bati za mfuko huo tusimpigie magoti. Tumuulize zimekuja ngapi na zimekwenda wapi.

Na sisi wana-Chama tujisahihishe. Mbunge akifika, tunakuwa wa kwanza kulizunguka gari lake, na mama mwenye shida ya kweli anabaki nyuma, haoni hata kofia ya mgeni. Chama kiwe daraja, kisiwe ukuta. Kila baada ya mkutano wa Bunge tumwite atueleze mambo matatu: aliuliza nini, alijibiwa nini, na amefuatilia nini.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Mkutano mkuu wa kijiji ukija, kila mmoja aje, na katibu aje na kalamu. Mimi nitasimama tena kama nilivyosimama utotoni. Safari hii sitaomba mpira.

Uhuru na Kazi!