Lami ya Makaa ya Mawe na Sumu Iliyojificha Ndani Yake

Mazungumzo yangu ya leo ni juu ya lami, walakini si lami ya barabarani. Ile imwagwayo barabarani siku hizi hutokana zaidi na mafuta yachimbwayo ardhini. Lami niitakayo mimi ni ile itokayo katika makaa ya mawe.

Makaa ya mawe yakitiwa katika chombo kilichofungwa hata hewa isiingie, kisha yakapashwa moto mkali, hayawaki. Hutoa moshi mzito. Moshi huo ukipozwa, hupatikana gesi ya kuwashia taa, maji yenye amonia, na uji mweusi unukao, unatao kama ulimbo. Uji huo ndio lami. Miji ya Uingereza ilipata gesi yake kwa njia hiyo tangu mwanzo wa karne ya 19 hata miaka ya 1970, ilipokwisha kubadilishwa kwa gesi ya asili itokayo chini ya bahari.

Mtu akiiona lami hudhani ni kitu kimoja. Sivyo. Ni vitu vingi mno vilivyochanganyika, na njia ya kuvitenga ni kuichemsha kwa kuongeza moto kidogo kidogo, maana kila kitu kina kiasi chake cha joto la kuchemkia. Mvuke wa kwanza hupozwa na kukingwa peke yake, kisha wa pili, kisha wa tatu. Kwanza hutoka mafuta mepesi, ambamo imo benzeni; baadaye asidi ya kaboliki, ambayo tabibu Lister wa Glasgow alianza kuitumia katika vidonda mwaka 1865; na naftalini, iliyofanyiwa vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo sandukuni. Mwisho hubaki lami ngumu kama jiwe.

Basi, katika mchanganyiko huo kulikuwamo kitu kilichoua watu, wala hapakuwa na mtu aliyejua ni kipi. Mwaka 1775 Percivall Pott, tabibu wa London, aliandika habari za watu waliofagia dohani za nyumba. Watoto wadogo walipandishwa ndani ya dohani hizo, masizi yakawaingia katika mikunjo ya ngozi. Na walipokuwa watu wazima wengine walishikwa na saratani ya ngozi ya sehemu za siri. Hata baadaye, wafanya kazi wa lami nao wakaonekana kupatwa na saratani ya ngozi.

Huko Tokyo, Yamagiwa na Ichikawa waliwapaka sungura lami masikioni, wakarudia na kurudia kwa miezi mingi, hata mwaka 1915 wakatangaza ya kuwa saratani imeota. Wengine walikuwa wamejaribu kabla yao wakachoka upesi. Kwa maoni yangu, sifa kubwa ya Wajapani hao wawili ni subira.

Sasa ilijulikana ya kuwa lami ina hatia, lakini mwenye hatia hasa ni nani katika kundi lote lile? Huko London, Kennaway alifanya jambo la akili. Aliacha makaa kando, akatwaa gesi ya asetilini pamoja na haidrojeni, akazipitisha katika joto kali. Ikapatikana lami, na panya waliopakwa lami ile wakaota saratani. Angalieni maana yake: katika gesi zile hamna ila kaboni na haidrojeni. Kwa hiyo vitu viwili hivyo vyatosha kufanya sumu yenyewe.

Ndipo mwenzake Hieger akapata dalili ya kuifuata. Mafuta ya lami yaletayo saratani, yakimulikwa kwa mwangaza usioonekana kwa macho, hung'aa. Na mng'ao huo ukipitishwa katika kioo cha kugawanya nuru, huonyesha mistari mitatu katika mahali maalumu. Mistari hiyo ikawa kama nyayo za mnyama porini. Badala ya kungoja miezi mpaka panya augue, waliangalia kila sehemu ya lami kwa nuru: penye mistari waliendelea kutenga, pasipo mistari waliacha.

Walianza na tani 2 za lami ngumu kutoka kiwanda cha gesi, uzito wa kama magunia 20 makubwa ya mahindi. Wakachemsha, wakayeyusha, wakagandisha, wakachuja, mara nyingi sana, hata wakabakiwa na chembe kidogo za rangi ya manjano. Mwaka 1933 Cook, Hewett na Hieger walitangaza jina lake: benzopirini, yenye kaboni 20 na haidrojeni 12, zilizopangika katika pete tano. Mistari yake ililingana na ile ya lami, na panya waliopakwa waliota saratani.

Tangu hapo benzopirini imepatikana pia katika moshi wa tumbaku, katika moshi wa kuni, na katika nyama iliyoungua juu ya makaa. Maana popote kitu chenye asili ya mimea au wanyama kinapoungua pasipo hewa ya kutosha, yaweza kufanyika. Na yenyewe, kama ilivyo, haidhuru sana. Mwili ndio unaoigeuza, ukijaribu kuifanya iyeyuke majini ipate kutoka nje. Na katika kugeuzwa huko hupata umbo linaloshikamana na asili ya urithi iliyomo ndani ya chembe hai, ikaiharibu.