Malaria na Mimba ya Kwanza



Jioni hii nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo mimi mwenyewe nilikosea. Mpwa wangu alipokuwa na mimba yake ya kwanza alianza kuchoka, na viganja vyake vikawa vyeupe. Homa hakuwa nayo. Mama yake alinitaka shauri, nami kwa kuwa ni mwalimu nikajibu upesi, “Huyu amekulia penye mbu, malaria haimwezi tena.” Akajifungua kabla ya miezi kutimia. Daktari alikuta vijidudu vya malaria. Mtoto aliishi siku nne.

Neno langu lilikuwa nusu ya kweli. Mtu akikulia penye malaria nyingi, mwili wake hujifunza kidogo kidogo kupigana nayo, hata akiwa mtu mzima aweza kuwa na vijidudu damuni asiugue sana. Lakini vijidudu hivyo vina hila. Huingia katika chembe nyekundu za damu, kisha huzifanya zishikamane na kuta za mishipa, zisichukuliwe mpaka kwenye wengu, ambako zingeharibiwa. Hushika kwa vitu mfano wa ndoana, nazo ni za namna nyingi. Mwili hujua kuzizuia zile tu ulizokwisha kukutana nazo.

Basi mwanamke akichukua mimba, hufanyika ndani yake kiungo ambacho hakikuwako: kondo la nyuma, limlishalo mtoto. Mwaka 1996 wataalamu Michal Fried na Patrick Duffy, waliochunguza makondo ya akina mama wa magharibi mwa Kenya, walieleza kwamba vijidudu vya humo hushika kitu cha jamii ya sukari kiitwacho kondroitini salfeti A. Ndoana hiyo ni ya namna ya peke yake, na mwili wa mama wa mimba ya kwanza haujapata kuiona. Vijidudu hujikusanya humo kwa wingi; mama hupungukiwa damu, mtoto hupungukiwa chakula, na pengine damu ya kidole ikipimwa haionyeshi kitu.

Wako wasemao kwamba mimba hulegeza kinga ya mwili ili mama asimkatae mtoto, ambaye nusu yake ni ya baba. Hilo lina ukweli wake. Lakini kama lingekuwa hilo tu, mimba ya nne ingekuwa na hatari sawa na ya kwanza, wala sivyo ilivyo penye malaria nyingi. Mwaka 1998 ilielezwa kwamba damu ya wanawake waliozaa mara kadhaa ina kinga iizuiayo ndoana ile isishike. Damu ya wanaume haina. Nasi ndio tutoao mashauri!

Tangu mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba Afrika, penye malaria nyingi, mama mja mzito apewe vidonge vya SP kuanzia mwezi wa nne, kila aendapo kliniki, mwezi mmoja au zaidi ukipita katikati, ajapokuwa haumwi. Isipokuwa yule ambaye muuguzi amempa dawa nyingine. Navyo havimwondolei haja ya chandarua.

Mpwa wangu alipochukua mimba ya pili hakuja kuniuliza. Alikwenda kliniki, akameza vidonge vyake vitatu mbele ya muuguzi, na mwezi uliofuata akarudi tena.