Mpira wa ndani ya ordinatere na chumba tunachodai Mubi



Leo tunaongea juu ya mpira usiokuwa na nyasi wala viatu. Unachezwa ndani ya ordinatere.

Kuna mashindano yanaitwa RoboCup. Ya kwanza yalifanyika 1997 huko Nagoya, Japani. Walioyaanzisha walijipa shabaha: kufika katikati ya karne hii, timu ya roboti ishinde mabingwa wa Kombe la Dunia. Lakini sehemu moja ya mashindano haina roboti ya chuma hata moja. Ni programu 11 upande huu, programu 11 upande ule. Kila mchezaji ni programu yake peke yake. Mechi ni dakika 10, na kila sekunde mchezaji anaamua mara 10: nikimbie, nigeuke, nipige?

Mchezaji haoni uwanja wote. Anaona upande anaoangalia, na cha mbali anakiona vibaya. Akiita mwenzake, ni neno fupi tu linapita. Kochi naye ni programu. Yeye anaona uwanja mzima, wazi kabisa, anachunguza adui anacheza namna gani. Lakini hawezi kugusa mpira, na mchezo ukiendelea anaruhusiwa kusema kidogo sana. Njo maana timu nzuri inapatana mbele ya mechi: tukipoteza mpira nani anarudi, kochi akisema neno hili maana yake nini.

Hata mpira wa watu umefika pale. Mwezi wa 3 mwaka 2024, Google DeepMind pamoja na Liverpool ya Uingereza walitangaza TacticAI, programu iliyojifunza kwa kona 7,176 za Premier League. Inashauri nani asimame wapi. Kuamua kunabaki kwa kochi mwenyewe.

Mtu atauliza: hii inatuhusu nini, sisi ambao mwezi wa 3 mwaka 2025 tuliona vita vikifika Walikale-centre na mgodi wa Bisie ukisimamishwa?

Inatuhusu. Kasiteriti ya Bisie inatoa bati, na bati njo inayeyushwa kushikanisha vipande vidogo ndani ya telefone na ordinatere. Tena mchezo huu hauombi roboti ya bei kali. Programu yake ni ya bure, kila mtu anaweza kuisoma na kuibadilisha. Inaomba ordinatere, umeme na mtu wa kufundisha. Msiseme ni kazi ya wazungu: mwaka 2013 mama Mkongomani, injenia Thérèse Izay, aliweka roboti za kuongoza magari Kinshasa.

Makuta yatoke wapi? Sheria ya madini ya 2018 inagawanya redevansi hivi: 50% serikali kuu, 25% jimbo, 15% entite ambako mgodi uko, 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya ile, kampuni inapashwa kutoa 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Basi hatuombi sadaka. Tunadai mambo mawili: hesabu ya ile 15% na ile 0.3% ibandikwe mahali kila raia anaweza kuisoma. Na chumba kimoja kiingie ndani ya mpango, hapa Mubi, chenye ordinatere kumi, paneli za jua na mwalimu anayelipwa.

Vijana, wakubwa wa jimbo na wa Kinshasa wana ramani nzima mbele yao, lakini mtoto wa Mubi aliyeacha shule kwa kubeba mizigo ya kasiteriti, sisi njo tunamuona. Kila avenue ichague watu wawili, waandike hesabu ya watoto wasiosoma. Tutaipeleka pamoja na barua kwa ofisi ya sekta, kwa amani, bila jiwe, bila matusi. Wasipojibu, tutarudi tena, wengi zaidi.