Ukali Uelekezwe kwa Nani: Hotuba ya Mgeni Rasmi, Baraza la Malindi

Bwana Mwenyekiti, Mheshimiwa Spika wa Bunge la Kaunti ya Kilifi, waheshimiwa wawakilishi wa wadi, masheikh, mapadri na wachungaji, wazee wa kaya, machifu, maafisa wa polisi na wa magereza, mama zangu, ndugu zangu na vijana wetu,

Nimesomewa azimio mnalokusudia kulipeleka kwa Bunge la Taifa na Seneti, lenye kutaka adhabu za biashara ya unga wa kulevya na za wizi zizidishwe ukali, na maadamu mmenipa heshima ya kunena kabla halijatiwa saini, yanipasa niseme waziwazi kwamba naliunga mkono, kisha nieleze, kwa idhini yenu, ni nani hasa apaswaye kuangukiwa na ukali huo.

Mji huu haukuanza jana kuonja uchungu wa unga. Tangu miaka ya themanini, zama hoteli zetu zilipokuwa zikifurika wageni wa Ulaya, heroini ilipenya katika vichochoro vyetu, ikawashika kwanza vijana waliokuwa wakizunguka ufukweni kutafuta riziki, kisha ndugu zao, kisha watoto wa majirani, hata mwaka 1995 ikabidi uanzishwe hapa hapa Malindi mradi wa Omari, ili waliotekwa na ulevi huo wapate mahali pa kushikwa mkono. Na wizi tunaoulalamikia leo, aghalabu, ni mtoto wa ulevi huo. Nimeingia nyumba ambayo sufuria, jiko la makaa na hata ndoo ya kutekea maji huingizwa chumbani mwa mama kila magharibi na kutolewa alfajiri, kwa kuwa anayeogopewa si mgeni apitaye njia, bali ni kijana aliyezaliwa humo ndani. Na koki ya mfereji wa uani ilikwisha kung'olewa, ikauzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye hakuuliza imetoka wapi. Mama huyo akiniambia anataka sheria kali, sina uso wa kumwambia kwamba amekosea.

Lakini waheshimiwa, tuitazame sheria tuliyo nayo. Ile ya mwaka 1994 ya kudhibiti dawa za kulevya ilimwekea mlanguzi kifungo cha maisha, na juu yake faini ya shilingi milioni 1 au mara tatu ya thamani ya mali yenyewe, iliyo kubwa kati ya hizo. Nayo marekebisho ya mwaka 2022 yakaipanga adhabu kwa uzani wa kilichokamatwa, faini zikapanda hadi makumi ya mamilioni. Katika wizi, mwizi wa kawaida yaweza kumfika miaka 3, mwizi wa mifugo hadi 14, na mnyang'anyi wa kutumia nguvu amewekewa kifo, ingawa tangu mwaka 1987 hakuna aliyenyongwa katika nchi hii. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa, ikiketi papa hapa Malindi, iliona kwamba kifungo cha maisha kisicho na ukomo chapingana na utu wa mwanadamu, na mwaka 2025 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo. Basi katika maandishi hatukupungukiwa na ukali.

Tulilopungukiwa nalo ni hili: mwenye mali hashiki mali. Sheria yenye kupima hatia kwa gramu humkuta yule aliyebeba, naye aliyebeba aghalabu ni kijana wa maskani mwenye kete mbili tatu za unga, ilhali aliyeleta shehena, akakodi jahazi, akajenga nyumba za kupangisha kwa faida yake, mikono yake ni safi na mifuko yake haina unga hata chembe. Tukiongeza miaka juu ya gramu na tusiongeze neno jingine, tutakuwa tumelijaza gereza la Malindi watoto wetu wenyewe, na yule tajiri atatafuta wabebaji wengine kabla wiki haijakwisha.

Mfano tunao karibu. Novemba 2014 ndugu wawili wa Mombasa, Baktash na Ibrahim Akasha, walikamatwa kwa ombi la Marekani kwa tuhuma za ulanguzi wa unga, na shauri la kuwapeleka huko likavutwa katika mahakama zetu kwa zaidi ya miaka miwili, hata Januari 2017 wakasafirishwa. Huko New York walikiri makosa yao, kuwahonga maafisa wa Kenya kukiwa miongoni mwake, wakahukumiwa, mmoja miaka 25 mwaka 2019, na wa pili miaka 23 mwaka 2020. Nami lanihuzunisha, na sitalificha, kwamba madhara yalikuwa yetu na hukumu ikatolewa na wengine. Kwa hiyo naomba azimio lenu litaje hongo kwa jina lake, litake afisa anayemlinda mlanguzi aadhibiwe kwa ukali usiopungua wa mlanguzi, na litake mali iliyochumwa kwa unga ifuatwe, nyumba kwa nyumba na kiwanja kwa kiwanja, kwani sheria ya mwaka 2009 kuhusu mapato ya uhalifu yairuhusu mahakama kuitwaa. Kadhalika anunuaye vyuma vya wizi asihesabiwe kuwa mfanyabiashara aliyeghafilika. Bila yeye ile koki isingeng'olewa.

Nimesikia wakisema baadhi yenu kwamba kaunti haina la kufanya, kwa kuwa sheria za jinai hutungwa Nairobi. Kutunga ni kwao, naam. Lakini Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali lake la Nne, imeitaja kazi ya kudhibiti dawa za kulevya kuwa miongoni mwa kazi za kaunti. Mwezi Mei 2024 Kilifi ilijaribu, ikafuata Mombasa katika kupiga marufuku muguka, majani yatafunwayo kama kilevi, na kabla mwezi haujaisha Mahakama Kuu ya Embu ikalisimamisha katazo hilo. Nia ile niliisifu na ningali naisifu, ila amri iliyotangulia hoja zake za kisheria haikufika mbali.

Iko kazi ambayo hapana mahakama itakayotuzuia kuifanya. Nendeni asubuhi katika hospitali ya Malindi, mahali ambapo tangu mwaka 2015 hutolewa methadoni, dawa ya kumtuliza aliyetekwa na heroini, miongoni mwa vituo vya mwanzo kabisa katika Kenya. Mtaona foleni ya watu wazima, baadhi yao wamevaa nguo za kazi kwa kuwa wanakwenda kibaruani, kila mmoja akiitwa, akipewa dawa yake katika kikombe kidogo, akiinywa mbele ya mhudumu, akihakikishwa ameimeza, kisha akienda zake hadi kesho. Aliye katika foleni ile, maadamu anadumu nayo, halazimiki kung'oa koki ya mtu ili apate pesa ya kete. Nami nasema pasina kusitasita kwamba katika kupunguza wizi wa majumbani, foleni ile inashinda miaka 10 ya kifungo, kwa sababu mfungwa aliyetoka akiwa na kiu ile ile hurudi maskani ile ile.

Gharama za huduma hiyo, kwa sehemu kubwa, zimebebwa na wafadhili wa ng'ambo, na Marekani mbele yao, na mwaka 2025 misaada yao ilipotikisika, hofu iliwaingia wagonjwa na wahudumu sawia. Si sawa uhai wa vijana wa Kilifi uning'inie kwenye uamuzi wa mji ulio ng'ambo ya bahari.

Waheshimiwa wawakilishi, azimio lenu litakwenda Nairobi na huenda likakaa huko muda mrefu. Makadirio ya fedha ya kaunti hayaendi kokote. Yanatakiwa yawe mezani penu kabla ya Aprili kumalizika, na kalamu ni yenu. Nawaomba, kabla hamjalitia saini azimio hili jioni, mkubaliane ni kifungu gani cha makadirio hayo kitakachobeba methadoni, mishahara ya washauri nasaha, na nauli ya wagonjwa watokao Magarini na Ganze wasioweza kufika Malindi kila siku. Jina la kifungu hicho na liandikwe katika kumbukumbu za leo, ili mwakani tuweze kuulizana.

Kwa maneno hayo, Bwana Mwenyekiti, nalitangaza baraza hili kuwa limefunguliwa rasmi.