Orodha Imepangwa kwa Safu Gani? Mhadhara kuhusu Kuchungulia Michakato ya Kompyuta

Ndugu zetu wa Kibiti mlioacha shughuli zenu mkaja kusikiliza habari za mashine: kuna fundisho limeota kwenye steshenari na ofisi zetu kama magugu baada ya mafuriko. Kompyuta ikiwa nzito, fungua Task Manager, mtazame aliyekaa juu ya orodha, muue. Fundisho hilo lina mdogo wake: kumbukumbu tupu ndiyo afya ya mashine, kwa hiyo weka programu ya kusafisha RAM ikupigie deki kila baada ya dakika chache. Nimekuja kuyapinga yote mawili. Sisemi kwamba mchakato haupaswi kuuawa kamwe. Hilo litapata zamu yake. Nasema fundisho hili limekosea kabla kidole hakijagusa kitufe, kwa sababu halikuuliza orodha ile imepangwa kwa safu gani.

Historia ya zana hizi za kuchungulia michakato nitaipitia mbiombio, maana wengi mnaijua. Unix ilikuwa na ps tangu miaka ya 1970. Mwaka 1984 William LeFebvre aliandika top, akichukua wazo kutoka mfumo wa VMS. Dave Plummer aliandika Task Manager iliyotoka na Windows NT 4.0 mwaka 1996. Mark Russinovich akatupa Process Explorer. Hisham Muhammad akaleta htop mwaka 2004. Ninachotaka kukizuia kisipite ni jina lile la top. Zana iliitwa hivyo kwa kuwa inawapandisha juu wanaotumia prosesa zaidi, na “zaidi” hapo maana yake ni zaidi katika sekunde chache zilizopita. Windows 8, mwaka 2012, ikaongeza rangi: kisanduku cha anayekula sana kinakolea kadiri anavyokula. Uzuri wa kutazama upo, lakini rangi ile ni hukumu iliyotolewa kabla ya shahidi kusimama, na mtumiaji asiye na muda atatekeleza hukumu hiyo.

Nianze na kumbukumbu, maana hapa kosa ni la wazi. Mfumo endeshi wa leo haukusudii kuacha kumbukumbu wazi. Faili iliyosomwa asubuhi huwekwa karibu, kwa kukisia kwamba itatakiwa tena mchana, na ikitokea programu nyingine ikahitaji nafasi, nakala ile huachiwa mara moja. Ndiyo maana Linux hutenganisha kumbukumbu iliyo tupu na ile inayopatikana, na ya pili ndiyo yenye maana. Programu ya kusafisha hufanya nini? Huzilazimisha nyingine ziachie kurasa zao. Namba inashuka, mwenye mashine anafurahi, kisha anarudi kwenye barua aliyokuwa akiiandika na kurasa zilezile zinaanza kurudishwa, nyingine kutoka kwenye diski. Diski ya kuzunguka hujibu kwa milisekunde, kumbukumbu kwa nanosekunde. Tofauti yake inakaribia mara laki moja. Russinovich, ambaye hakuna wa kumfundisha matumbo ya Windows, aliziita programu hizo ulaghai tangu zamani, na bado zinauzwa.

Watu wa bonde hili la mto Rufiji hawakuhitaji mhandisi kuwaeleza jambo hilo. Mgeni akiona Rufiji imefunika mashamba husema ardhi imepotea. Mkulima anajua kwamba maji yakirudi nyuma yataacha unyevu na tope, na hapo ndipo atalima mlau. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 serikali iliwahamishia watu kwenye miinuko, katika Operesheni Rufiji, nao wakaendelea kushuka bondeni msimu wa mpunga na kukaa kwenye madungu yao. Siyo kwamba serikali haikuona kitu. Iliona kina cha maji, na kina cha maji ni kipimo cha kweli. Ila kilikuwa kipimo kimoja, cha siku moja. Aliyekaa dunguni kuamia ndege naye hatupi teo kwa ndege aliye karibu kuliko wote. Anatazama kundi linatua upande gani, na kwa muda gani.

Sasa niingie kwenye chanzo ninachokithamini kuliko vyote katika mjadala huu, na mtaniwia radhi kwamba si kitabu cha kompyuta. Mwaka 1998, Kibiti ikiwa bado ndani ya wilaya ya Rufiji, ulianzishwa hapa mfumo wa kufuatilia afya na idadi ya watu, chini ya mradi wa TEHIP wa Wizara ya Afya na kituo cha utafiti cha Kanada, IDRC. Baadaye ukalelewa na Taasisi ya Afya Ifakara. Watu wapatao 85,000, katika vijiji 31, walitembelewa nyumba kwa nyumba kila miezi minne: nani amezaliwa, nani amehamia, nani amehama, nani amefariki. Taarifa ziliingizwa kwenye programu ya kusajili kaya iliyozaliwa Navrongo, Ghana, ikajengwa juu ya mfumo wa hifadhidata wa FoxPro. Linganisheni na sensa ya taifa, ya mwaka 2002, 2012 na 2022. Sensa ni picha. Rufiji ilikuwa na daftari.

Lakini daftari peke yake halikufanya kazi. Lililofanya kazi ni safu iliyochaguliwa. Ukiwauliza wauguzi wa zahanati kinachowasumbua, watakutajia foleni ya leo. TEHIP ilikataa kuipanga orodha kwa foleni. Ilipanga magonjwa kwa miaka ya maisha yanayopotea, yaani kipimo kinacholimbikizwa, ambamo mtoto anayefariki akiwa na mwaka mmoja anabeba uzito tofauti na mzee. Kando yake wakaweka mchoro mwingine, wa fedha za bajeti zinakokwenda. Takwimu za Morogoro, wilaya ya pili ya mradi, zimerudiwa mara nyingi na zinastahili kurudiwa: malaria ilichukua asilimia 30 ya miaka iliyopotea, na asilimia 5 ya bajeti. Hakuna aliyeficha kitu. Hesabu zote zilikuwa ofisini, ila zimepangwa kwa safu isiyosema. Katika miaka mitano iliyofuata vifo vya watoto katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Vyandarua na matibabu bora ya watoto vilichangia, wala sidai mchoro uliponya mtu. Nadai kwamba fedha zilijua pa kwenda kwa sababu swali la safu liliulizwa kwanza.

Ndipo narudi kwenye kompyuta. Ukifungua top na kubonyeza herufi T kubwa, orodha inajipanga kwa muda wote wa prosesa ambao kila mchakato umeutumia tangu uanze. Task Manager nayo ina safu hiyo, kwenye ukurasa wa maelezo, lakini inabidi uiongeze mwenyewe. Kwa maoni yangu ingekuwa ya kwanza. Hapo utakuta programu ndogo ya kujisasisha ambayo haijawahi kukolea rangi hata mara moja, inakula asilimia mbili tu, lakini inakula usiku na mchana. Ile kubwa iliyokuwa juu ilikuwa ikichapa ripoti, na ingemaliza.

Nitapingwa, na kwa haki. Ukipanga kwa muda, atakayekaa juu mara nyingi ni System Idle Process, ambaye si mchakato wa kweli bali ni hesabu ya prosesa kukaa bure. Na wako waliojaribu kumuua. Pili, safu ya muda inawaonea wakongwe: mchakato wa siku kumi utamzidi wa saa moja hata kama ni mpole. Pingamizi hili la pili ni zito, nalo lina jibu ambalo wataalamu wa idadi ya watu walikuwa nalo Rufiji. Hesabu ya vifo vitupu haitoshi. Unagawanya kwa miaka ambayo watu wameishi chini ya uangalizi. Gawanya muda wa prosesa kwa umri wa mchakato, na mkongwe anapata haki yake.

Watasema pia kuna virusi vya flashi, na kuna mashine za gigabaiti 2 ambazo kweli zinajaa. Kwa mashine hizo nakubali: funga usichokitumia, lakini kwanza tazama kama diski inahangaika kupakia na kupakua kurasa, usiishie kwenye asilimia ya kumbukumbu. Kwa virusi, kuua peke yake hakutoshi, maana kuna mwenzake atakayemwamsha. Tazama kwa Process Explorer faili lake liko folda gani na nani amemzaa, ndipo uende kwenye shina. Na anayeua bila kutazama akumbuke jedwali la FoxPro: kichwa chake kinahifadhi idadi ya rekodi, na ukikata uandishi katikati, idadi ya kichwani na rekodi zilizomo zinaweza kutofautiana, jedwali likakataa kufunguka. Kazi ya siku nzima ya karani, kwa kitufe kimoja.

Kasoro kubwa ya zana hizi naiona kwingine. Mchakato ukizaliwa na kufa kati ya mipepeso miwili ya skrini, hauonekani popote. Rufiji haikukubali hilo kwa watu: kila kifo kilifuatwa nyumbani, wafiwa wakahojiwa dalili, marehemu akaandikwa pamoja na sababu. Linux ina uhasibu wa namna hiyo, ambao huandika kila mchakato unapokoma na kusomwa kwa lastcomm. Kwenye Windows ipo Process Monitor, inayoweza kuagizwa ianze kurekodi tangu mashine inapowashwa, ili hata waliokufa kabla skrini haijatulia wahesabiwe.